Bapa na makali

Panga lina pande ambazo mtoto wa shamba anazijua kabla hajajua kusoma: makali na bapa. Makali hukata. Bapa hupiga, husukuma, huzoa. Mtu akichapwa bapa atapata aibu na alama mgongoni; akipigwa makali, hayo ni mambo ya hospitali na polisi. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiyazungusha maneno haya mawili kichwani kwa sababu ya kazi ndogo niliyopewa, na kazi yenyewe haikuhusu shamba wala ugomvi. Ilihusu propela za ndege.

Rafiki yangu anayefundisha ufundi aliniletea orodha ya istilahi, kurasa kama kumi hivi, akaniomba niisafishe Kiswahili chake kabla hajawapa wanafunzi. Mimi si fundi. Nafanya tafsiri, na watu wa tafsiri tunapenda kujidanganya kwamba ukijua sarufi umejua kila kitu. Nilipita vizuri kwenye misumari na nati. Parafujo nililisalimia kama jamaa wa zamani, Mreno aliyehamia pwani na kuota mizizi. Kwenye propela kamusi inasema rafadha, watu wanasema propela au pangaboi, na pangaboi ni lilelile linalotupepea sebuleni. Hakuna shida, tuendelee.

Halafu nikafika kwenye ile propela ambayo mapanga yake hugeuka kwenye mashina yao, yaani pembe yake hubadilishwa wakati ndege iko angani. Hapo nikakwama wiki tatu. Kilichonikwamisha hasa ni neno moja. Panga la propela likigeuzwa mpaka likautazama upepo kwa ukingo wake, Waingereza hulitaja tendo hilo kwa neno lao la unyoya. Na orodha, kwa utiifu wote, ilikuwa imeandika: "kunyonyoa propela".

Kunyonyoa! Kama kuku wa Idi.

Nilicheka peke yangu, kisha nikagundua kwamba siwezi kulifuta mpaka nijue linatakiwa kusema nini. Basi nikaanza kusoma, na kusoma kwenyewe kukanichukua mbali kuliko nilivyotarajia.

Hebu tuanze na pangaboi la sebuleni. Lizime, uliangalie vizuri. Mapanga yake yameinama kidogo. Yangelala sawasawa kama meza, yangezunguka yakikata hewa kwa makali, mota ingefurahi na wewe ungeendelea kutoka jasho. Yangesimama wima, kila panga lingeipiga hewa kwa bapa lote, mota ingelemewa na hewa ingezunguka tu chumbani bila kushuka. Kati ya hali hizo mbili kuna pembe inayofaa. Aliyelitengeneza aliichagua, akaifunga kwa skrubu, basi. Pangaboi haliendi popote, kwa hiyo pembe moja inalitosha maisha.

Ndege inakwenda, na hapo ndipo hadithi inapoanza. Panga la propela linakutana na pepo mbili kwa pamoja. Mmoja ni upepo wa mzunguko, ule linaoutengeneza lenyewe kwa kuzunguka. Wa pili ni upepo wa safari, unaotoka mbele kwa sababu ndege yote inasonga. Ndege ikiwa imesimama mwanzo wa njia ya kurukia, upepo wa safari haupo; panga linakutana na upepo wa mzunguko peke yake, nalo linapenda kulala karibu bapa kwa mbele, likiutazama mzunguko kwa makali. Ndege ikishika kasi, upepo wa safari unaongezeka, na jumla ya pepo hizo mbili inaanza kutoka upande mwingine. Panga lisipogeuka kuufuata, litakuwa linachota hewa kidogo na kidogo zaidi, injini ikipiga kelele bila faida.

Ndiyo maana pia panga la propela limesokotwa. Ncha yake inakimbia kuliko shina. Chukua propela yenye kipenyo cha mita 2.7 hivi, inayozunguka mara 1,900 kwa dakika: ncha inapita hewani kwa zaidi ya mita 260 kwa sekunde, na sehemu iliyo karibu na kitovu haifikii hata nusu ya hapo. Upepo wa safari ni uleule kwa zote. Kwa hiyo kila kipande cha panga kinahitaji pembe yake, na msokoto ndio unaowapatanisha. Nilipoelewa hilo nilitoka nje kumtafuta mtu wa kumweleza. Nilimpata mlinzi wa jengo, akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

Wasomaji wa fasihi watamkumbuka Roald Dahl. Kabla hajawa mwandishi wa watoto alikuwa kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell hapa Dar es Salaam, na vita ilipoanza mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Ameyasimulia katika Going Solo, kitabu cha mwaka 1986. Ndege aliyojifunzia Nairobi ni Tiger Moth, yenye propela ya mbao, pembe moja tu, kama pangaboi letu. Miaka miwili baadaye alikuwa Ugiriki ndani ya Hurricane, ndege ambayo propela yake ilibadili pembe. Nilikisoma kitabu kile nikiwa shuleni nikidhani kinahusu nyoka, simba na ujasiri. Sasa naona kwamba kati ya ndege hizo mbili kulikuwa na tofauti ambayo marubani wa wakati ule waliihisi mkononi.

Fikiria gari lenye gia moja. Ukiipata gia ya kupandia mlima wa Kitonga, utafika juu, lakini kwenye tambarare injini itakuwa inalia tu. Ukiipata ya tambarare, Kitonga utalala njiani. Propela ya pembe moja ndivyo ilivyo. Marekani, mhandisi Frank Caldwell wa kampuni ya Hamilton Standard alitengeneza propela ya pembe mbili, moja ya kuondokea na moja ya kusafiria, ikafungwa kwenye ndege ya abiria ya Boeing 247, na kampuni ikapewa tuzo ya Collier ya mwaka 1933. Spitfire za mwanzo za Uingereza zilitoka kiwandani na propela ya mbao yenye mapanga mawili yasiyogeuka. Katika kiangazi cha 1940, vita ya angani ikiwa imeiva, mafundi walikuwa wakizunguka kwenye viwanja vya jeshi kubadilisha propela ili pembe ijirekebishe yenyewe, bila rubani kuchagua.

Yenyewe vipi? Hapa kuna kifaa ambacho mafundi wetu wanakiita gavana, na Wakenya mtanisamehe, huyu hachaguliwi kwa kura. Ndani yake kuna vizito vidogo vinavyozunguka pamoja na injini. Injini ikizidisha mwendo, vizito vinatanuka nje, kama sketi ya mtoto anayejizungusha. Vikitanuka vinanyanyua kijiti, kijiti kinafungua njia ya mafuta, na msukumo wa mafuta unabadilika ndani ya kitovu cha propela. Mapanga yanageuka, yanabeba hewa zaidi, injini inalemewa, mwendo unarudi palepale. Injini ikizembea, vizito vinajikunja, springi inashinda, mapanga yanapunguziwa mzigo. Wazo la vizito si geni, James Watt aliliweka kwenye injini zake za mvuke karne ya 18. Matokeo yake ni kwamba rubani anachagua mizunguko mara moja, na baada ya hapo idadi haibadiliki: ndege ipande au ishuke, kinachobadilika ni pembe. Ndiyo sababu ukiwa ndani unasikia sauti ileile moja kwa nusu saa nzima na kusinzia.

Nilikuwa nimeyasoma yote hayo, na bado neno sikuwa nalo. Nililipata sehemu ya kulipatia kwa bahati, uwanja wa ndege wa Zanzibar, nikiwa na mama yangu.

Mnazijua zile Cessna Caravan, ndege za injini moja zinazovuka Dar na Unguja kama daladala. Mama hazipendi. Anasema ndege inayokuonyesha mgongo wa rubani haina siri, na yeye angependa siri kidogo. Siku hiyo tulipita karibu na moja iliyoegeshwa, akasimama ghafla.

"Hii mbona mapanga yake yamepinda?"

Kweli, ukiitazama kwa mbele propela ilikuwa wembamba mtupu, kama mtu aliyekugeuzia ubavu. Fundi mmoja aliyekuwa anafuta mikono pembeni alisikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hii nzima?"

"Nzima kabisa. Hayajapinda hayo, yamelala tu."

Akamweleza kwa maneno machache kuliko haya yangu. Kwenye Caravan, mafuta ndiyo yanayoyasukuma mapanga kwenda pembe ya kufanyia kazi. Upande wa pili wapo wapinzani wawili, springi na vizito, vinavyoyasukuma yalale. Injini ikizimwa, mafuta yanarudi, na wapinzani wanashinda. "Ikiwashwa, mama, yanaamka taratibu, utayaona."

"Na ikizimika juu?"

Fundi hakutabasamu, na nilimpenda kwa hilo. Alisema ikizimika juu, ndipo kulala kwenyewe kunapohitajika. Panga lililobaki bapa mbele ya injini iliyokufa ni kama kwenda na mlango uliofunguliwa kwenye upepo: upepo wa safari unalizungusha bure, na nguvu ya kulizungusha inatolewa kwenye mwendo wa ndege. Likilala, yaani likiuonyesha upepo makali, upepo unapita, na ndege inaelea mbali zaidi ikitafuta pa kutua.

Mama aliuliza swali moja zaidi, na mimi nisingelifikiria: "Nani analilaza, kama rubani ameshughulika?" Hapo ndipo uzuri wa mpangilio huu ulipo. Kwenye Caravan, msukumo wa mafuta ukipotea, mapanga yanakwenda kulala bila kungoja amri. Waliobuni walijiuliza kwanza kitu kikiharibika kitaangukia upande gani, wakaweka springi upande huo. Jibu halifanani kwa ndege zote. Kwenye ndege nyingi ndogo za injini moja za pistoni, mafuta yakipotea mapanga hurudi kwenye pembe ndogo, kwa sababu hapo inayotarajiwa ni injini kuendelea kufanya kazi.

Mama alipanda. Hakusema ameridhika, alisema joto limezidi pale nje.

Niliporudi nyumbani nikaanza kuyaona mapanga yanayogeuka kila mahali. Bujagali, Uganda, maji ya Nile yanazungusha mitambo 5 ya MW 50 kila mmoja, ya aina aliyoibuni Viktor Kaplan, mhandisi wa Austria aliyefundisha Brno: ni kama propela iliyozamishwa, mapanga yake yakigeuka kufuata wingi wa maji. Bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, lina mitambo 9 ya MW 235 ya aina nyingine, ambayo mapanga yake hayageuki. Kinachogeuka ni milango midogo inayoyazunguka na kuyaelekezea maji. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, minara 365 ya upepo inafanya kazi kinyume cha propela, inapokea badala ya kusukuma. Upepo ukizidi, mapanga yake yanageuka na kuuachia mwingine upite. Yakitakiwa kusimama, yanauonyesha makali kabisa, na hiyo ndiyo breki yao kubwa. Mengine nayaacha, la sivyo sitamaliza.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo siwezi kuliacha, na ndilo lililonifanya niache kulichekea lile neno la kuku.

Tarehe 15 Januari 2023, ndege ya ATR 72 ya shirika la Yeti Airlines ilikuwa inakaribia uwanja mpya wa Pokhara, Nepal, ikitokea Kathmandu. ATR ni ndege tunayoijua, Precision Air wanairusha hapa, mabawa juu, propela mbili zenye mapanga sita. Katika chumba cha rubani cha ndege hiyo, mkono wa kushusha flapu, zile bamba za nyuma ya bawa, uko jirani na mikono miwili inayotawala propela. Rubani aliyekuwa anaendesha aliomba flapu zishushwe zaidi. Mwenzake alijibu kwamba tayari. Flapu hazikusogea. Wachunguzi walikuta kwamba mikono iliyosogezwa ilikuwa ile ya propela, ikapelekwa kwenye nafasi ya kulala, yote miwili. Mizunguko ya propela ikashuka chini ya asilimia 25. Injini zilikuwa zinawaka. Hakuna kilichovunjika. Mapanga yalitii, yakauonyesha upepo makali kama yalivyoagizwa, na msukumo ukaisha. Ndani walikuwemo watu 72. Hakupona hata mmoja.

Miaka minane kabla ya hapo, Februari 4, 2015, Taipei, ATR nyingine ilikuwa imetoka tu kuruka. Kwa hitilafu ya kifaa cha kulaza propela, propela ya kulia ikajilaza yenyewe wakati injini yake ilikuwa nzima. Bado ilibaki moja, na ATR inaweza kuruka kwa moja. Rubani akaizima ile moja, ya kushoto. Kati ya watu 58 walikufa 43.

Nimezisoma habari hizi mara nyingi kuliko ilivyonifaa. Kinachonirudisha ni kwamba tendo ni lilelile. Kile fundi alichomweleza mama ili apate moyo wa kupanda, panga kulala, ndicho kilichotokea Pokhara. Injini ikiwa imekufa, panga lililolala linakununulia maili za kutafuta pa kutua. Injini ikiwa hai, panga lililolala linakunyang'anya zote, kwa sababu makali uliyoupa upepo wa safari umeyanyima mzunguko. Sasa mzunguko ndio unaopigwa bapa. Panga haliwezi kuwapa makali wote wawili. Lazima mmoja apate bapa, na aliyeshika mkono lazima ajue anampa nani.

Sisemi kwamba neno zuri lingewaokoa watu wa Pokhara. Marubani wale walikuwa na lugha yao ya kazi, walifunzwa, na mikono jirani inachanganyika hata jikoni, mtu anatia chumvi kwenye chai. Lakini kijana atakayesoma orodha ile ataanzia kwenye neno, na "kunyonyoa" halimwambii chochote kuhusu upepo wala panga. Litamfanya acheke, akariri kwa mtihani, asahau.

Nikafikiria unyoya wenyewe umetoka wapi. Waingereza hawakulianzishia kwenye ndege. Walikuwa nalo kwenye makasia. Mpiga kasia akimaliza kuvuta, analigeuza kasia ili lirudi mbele likikata hewa kwa ukingo, lisipigwe na upepo. Nilipolisoma hilo niliona mikono ya marehemu babu yangu, Makunduchi, upepo ukifa na ngalawa ikirudi kwa kafi. Alivuta bapa, akarudisha makali. Bapa, makali. Mkono wa juu ulizunguka kidogo tu, huoni mpaka uambiwe, na kafi lilirudi bila kunyanyua tone. Nilikuwa mtoto na mimi nilirudisha bapa, upepo ukanisukuma kafi kifuani, akaniambia, "Lilaze, mjukuu wangu, usipigane nalo."

Lilaze. Neno lilelile la fundi, na sidhani kama fundi aliwahi kushika kafi.

Kwenye orodha nimeandika "kulaza panga", na kwenye safu ya maelezo: kuligeuza panga la propela mpaka liuelekee upepo wa safari kwa makali, msukumo ukiwa sifuri. Rafiki yangu alinipinga. Alisema kulaza kutawachanganya, kwa sababu panga lililolala bapa mezani ni hali tofauti kabisa, na mwanafunzi atauliza limelalia upande gani. Ana hoja. Tukabishana kwa WhatsApp mpaka saa sita usiku, yeye akitaka "kuelekeza makali", ambayo ni sahihi zaidi na nzito zaidi mdomoni. Mwishowe tumeweka yote mawili, lake kwanza, langu likifuata baada ya mkato, na mchoro pembeni wenye mishale miwili ya pepo, ambao naamini utafanya kazi kuliko sisi sote.

Ule mstari wa mwisho wa ukurasa, unaohusu mapanga kuzidi kugeuka mpaka yasukume hewa mbele ili ndege ipunguze mwendo ikishatua, ile ngurumo unayoisikia magurudumu yakigusa chini, nilikuwa nimeuandalia maneno mawili ya kupendeza. Nikayafuta. Kila fundi na kila konda wa nchi hii anasema rivasi. Nimeiacha rivasi.